Nani Aliyejaza Hodhi? Kurasa za Hamamu katika Kitabu cha Bibi Salme



Mhariri wetu aliponiomba niandike juu ya kitabu ninachokirudia mara kwa mara, sikuwaza sana. Mimi ni mhandisi, kazi yangu ni mabomba na joto, na vitabu vingi nilivyo navyo ni vya majedwali. Lakini kimo kimoja cha kumbukumbu za maisha ambacho nimekisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekisomea mahali pamoja: bafuni, hapa hapa Woodbury, usiku wa Januari, nje theluji imefika magotini, mimi nimejilaza ndani ya maji ya moto, kitabu nimekiinua juu kisilowe. Mke wangu huuliza kutoka nje ya mlango kama nimelala. Sijalala. Niko Mtoni.

Kitabu chenyewe ni kumbukumbu za Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Beit el Mtoni, kaskazini kidogo ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Mwaka 1867 alibatizwa na kuolewa huko Aden, akaitwa Emily, akaenda kuishi Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akabaki mjane mwenye watoto watatu katika nchi ya ugeni. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886, na tafsiri ya Kiingereza ikachapishwa New York mwaka 1888. Kwa hiyo, ukiacha habari ya ufalme, huyu ni mwenzetu kabisa: mtu wa pwani anayeandika habari za kwao akiwa ng'ambo, kwenye baridi.

Wengi wetu tunakijua kitabu hiki, kama si kwa kukisoma basi kwa kukisikia. Katika hafla zetu, zamu ya wazee kuzungumza ikifika, hutajwa kwa fahari. Tulikuwa na hamamu sisi! Tulikuwa tukioga na kujifukiza udi wakati Ulaya watu wakiogopa maji! Ukumbi hupiga makofi. Mimi pia nimepiga makofi hayo miaka mingi. Leo nataka kueleza kwa nini nimepunguza.

Tuanze na kurasa zenyewe, maana ni nzuri na zinastahili kusifiwa kwanza. Mwanzoni mwa kitabu Bibi Salme anatutembeza ndani ya Beit el Mtoni. Anasema jumba lilikuwa na watu wapatao 1000. Kijito cha Mtoni, ambacho ndicho kilicholipa jumba jina lake, kilipita humo humo kikielekea baharini. Mwisho wa ua mkubwa zilipangana nyumba za kuogea, zenye mahodhi kama dazeni moja, mbali kiasi kwamba siku ya mvua mtu hakufika bila mwavuli. Kando yake ilikuwapo hamamu ya Kiajemi. Ndani ya nyumba za kuogea kulikuwa na mabaraza yaliyotandikwa mikeka, na watu hawakuja kuoga tu. Walisali pale, walilala, walisoma, walikula na kunywa. Tangu saa kumi alfajiri mpaka saa sita usiku nyayo hazikukatika.

Mbele zaidi, katika sura ya maisha ya kila siku, tunamwona bibi wa jumba akiamshwa. Baada ya sala ya alfajiri amerudi kulala. Jua likishapanda, mtumwa wa kike anamkanda taratibu mpaka usingizi unamtoka kidogo kidogo. Hodhi limeshajazwa maji mapya ya chemchemi. Nguo zake zimelazwa usiku kucha pamoja na asumini na maua ya mchungwa, kisha zikafukizwa. Ukisoma haya huku dirisha lako limeganda barafu kwa ndani, unaweza kulia.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa vipimo, nilitaka kwanza kujua kama raha hii ni ya kweli au ni maneno matamu tu ya mtu aliyekumbuka kwao. Ni ya kweli, na hesabu yake si ngumu. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800. Mtu akisimama katika maji ya shingo, yanambeba mpaka uzito unaobaki kwenye nyayo zake ni kama sehemu moja ya kumi. Misuli ya mgongo na ya shingo, ambayo mchana kutwa iko kazini hata ukiwa umekaa kitini, inapewa ruhusa. Wakati huo huo maji yanambana. Kila sentimita 10 za kina huongeza shinikizo la zaidi kidogo ya milimita 7 za zebaki, kipimo kile kile anachokisoma muuguzi akikupima presha. Damu iliyokuwa imetuama miguuni husukumwa juu kifuani. Mwaka 1972 watafiti wa Sweden waliwapima watu waliozamishwa hadi shingoni, wakakuta karibu mililita 700 za damu zimehamia kifuani, na moyo umesukuma damu zaidi kwa asilimia 32. Ndiyo maana mtu akiingia majini hushusha pumzi ndefu hata kama hakukusudia.

Joto nalo lina njia yake. Maji ya moto hufungua mishipa ya viganja na nyayo. Ukishatoka, joto la ndani ya mwili hupata mlango wa kutokea, na mwili unapopoa ndani ndipo usingizi unapokuja. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas walizipitia tafiti nyingi zilizokwisha kufanywa, wakaona kwamba kuoga maji ya nyuzi 40 hadi 42.5 za selsiasi, saa moja au mbili kabla ya kulala, humfanya mtu apate usingizi mapema zaidi, kwa wastani dakika kama 10. (Wenye maradhi ya moyo na wajawazito wamuulize daktari kwanza.) Mahodhi ya Mtoni yalijazwa maji ya chemchemi, wala si ya moto kama yangu, lakini kubebwa na kubanwa na maji hakuchagui joto. Bibi Salme hakutudanganya.

Lakini hesabu zangu zinaeleza mwili mmoja ndani ya maji. Haziyaelezi mabaraza. Na hapa ndipo ninapompa heko mwandishi, kwa sababu aliona kitu ambacho vitabu vya uganga wa maji havikioni. Bafu langu lina komeo. Kuoga huku ni kujificha: mtoto akigonga anaambiwa asubiri, na utulivu ninaoupata ni wa kutoonana na mtu. Utulivu wa Mtoni ulikuwa wa kuonana. Mtu alitoka majini akakuta mwenziwe amelala mkekani, mwingine anasali, mwingine anakula. Naamini aliyekuwa Hamburg na watoto watatu hakuyakosa maji. Hamburg ni mji wa mto na mvua. Alikosa baraza. Nikisoma hivyo, kurasa hizi zinakuwa miongoni mwa maandishi bora ya upweke wa ugenini niliyowahi kukutana nayo, ingawa neno upweke halimo.

Sasa turudi kwenye hodhi. Katika tafsiri niliyo nayo, hodhi limeshajazwa. Nani amelijaza?

Kauli ya kutendwa, tuliyofundishwa shuleni, ina kazi nyingi, na moja ni kumficha mtenda. Hodhi limejazwa, nguo zimefukizwa, mikeka imetandikwa. Kijito kilishuka chenyewe kwa uzito wake mpaka uani, hilo nakubali, kanuni za maji nazijua. Lakini kuta za hodhi hazijisugui, kuni za hamamu hazijikati, mikeka haijitandiki, na asumini haijichumi. Palikuwa na mikono. Mmoja tu wa watu hao tunamwona, yule anayekanda, na yeye hana jina wala hatuambiwi yeye aliamka saa ngapi, wala alioga wapi.

Najua jibu la haraka: utamhukumuje mtu wa karne ya 19 kwa kipimo cha leo? Sina haja ya kipimo cha leo. Nampima kwa kipimo chake mwenyewe. Huyu ni mwandishi mwenye jicho kali. Anatupa idadi ya mahodhi, saa za kufungua na kufunga siku, mwavuli wa siku ya mvua, na jina la ua lililolala na nguo. Jicho linalohesabu maua lingeweza kuhesabu mikono. Tena suala hilo alilijua, maana anayo sura nzima kuhusu utumwa, ambamo anawaonya Wazungu wasiulinganishe utumwa wa Mashariki na ule wa Marekani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria mwaka 1897. Kitabu kimetoka kati ya miaka hiyo miwili, wakati jambo lenyewe bado linabishaniwa. Kwa hiyo hakusahau. Alichagua upande.

Na lipo jambo linaloniuma zaidi. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi, kutoka milima ya Kaukazi, aliyenyakuliwa na watu wenye silaha akiwa mtoto mdogo na kutengwa na ndugu zake. Bibi Salme anaisimulia habari hiyo kwa huruma kubwa. Anajua, basi, namna ya kumpa mtumwa jina, kwao, na huzuni. Amempa mama yake vyote vitatu. Katika nyumba zile za kuogea alikuwamo mtumwa anayeoga na mtumwa anayejaza. Wa kwanza ni mama, amepata sura yake kitabuni. Wa pili hakupata hata sentensi. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa la kitabu hiki. Si kosa la uandishi, ni kosa la moyo, na limeingia kwa mlango wa sarufi.

Lakini mimi si mtu wa kumnyooshea kidole, na hapa inabidi niseme habari zangu kidogo. Nimekulia Ng'ambo, Unguja. Katika miaka ya 1980 maji ya mfereji yalikuwa ya bahati, na nyumba yetu haikuwa na bomba ndani. Choo chetu cha uani hakikuwa na paa. Wakati wa magharibi nilikuwa nikioga kwa kata, maji yenye ubaridi, juu nyota zinaanza kutoka, na adhana inatoka msikiti huu na kujibiwa na ule. Raha ile sijaipata tena popote, si katika hoteli, si katika sauna za Wafini wa kaskazini mwa Minnesota, ambazo ni nzuri kweli. Nimeisimulia kwa watoto wangu mpaka wameihifadhi.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nikizungumza kwa simu na dada yangu mkubwa, nikaanza kuyasifu maji yale. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Mdogo wangu, maji hayo niliyachota mimi. Ndoo mbili, kila siku, kutoka mferejini mpaka nyumbani. Na mimi nikikoga mwisho, yakibaki." Hakusema kwa hasira. Akaendelea kuniuliza watoto hawajambo.

Nilipokata simu nilijaribu kuikumbuka safari ya ndoo ile, sikuweza. Kata naikumbuka, mpaka ufa wake. Nyota nazikumbuka. Ndoo ilikuwa imejaa tu. Imejaa! Angalieni kitenzi hicho. Bibi Salme angalau aliandika kwamba hodhi limejazwa, kwa hiyo palikuwa na mjazaji aliyefichwa. Mimi katika kumbukumbu yangu sikuwa na mjazaji kabisa. Ndoo ilijaa kama mwezi unavyojaa.

Ndipo nikakirudia kitabu mara ya tatu, na safari hii nilisimama mahali ambapo awali nilipapita haraka. Mwaka 1885 Bibi Salme alirudi Unguja, safari ambayo serikali ya Ujerumani ilikuwa na hesabu zake za kisiasa ndani yake. Ndugu yake Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, hakukubali kuonana naye. Na kumbuka kwamba Barghash huyo ndiye aliyejenga hamamu ya watu wote mjini, pale ambapo mpaka leo panaitwa Hamamni. Mji ulipata mlango wa hamamu, dada yake akafungiwa mlango wa nyumba. Basi Bibi Salme akaenda Mtoni, akakuta gofu. Jumba limeanguka sehemu kubwa, na katika yale mahodhi yaliyokuwa yakijaa watu usiku na mchana, majani yameota.

Wasomaji wengi huuona ukurasa huo kuwa ni maombolezo ya utukufu uliopita. Mimi nausoma kama ripoti ya mhandisi. Mtambo wowote ukiachwa bila mtu wa kuutunza hujieleza wenyewe: kinachobomoka ndicho kilichokuwa kikishikiliwa na mikono. Majani yale ndani ya hodhi ndiyo kitu pekee katika kitabu chote kinachotuonyesha kazi ya wale wasiotajwa, kwa sababu sasa hawapo na kazi yao haipo. Mwandishi hakukusudia kuwataja. Gofu limewataja kwa niaba yake.

Labda msomaji wa Woodbury atasema: haya ni ya zamani, huku tunafungua bomba tu. Hebu tulitazame bomba hilo. Mji wetu, uliokuwa na wakazi wapatao 75,000 mwaka 2020, unavuta maji yake visimani, kutoka chini ya ardhi. Ndani ya maji hayo ya chini ziligunduliwa kemikali za jamii ya PFAS, kutokana na taka ambazo kampuni ya 3M ilizifukia zamani katika wilaya yetu ya Washington, Woodbury ikiwamo. Mwaka 2018 kesi ya jimbo la Minnesota dhidi ya kampuni hiyo iliishia kwa maafikiano ya dola milioni 850, na mwaka 2020 mji ukawasha mtambo wa muda wa kuyasafisha maji. Idara ya Afya ya jimbo inasema kuoga si tatizo, kwani kemikali hizo hazipenyi ngozi kwa urahisi. La kuangalia ni maji ya kunywa. Sitaji haya kumtisha mtu. Nasema tu kwamba miaka mingi watu wa mji huu walijilaza kwenye maji wakishusha pumzi, na maji yalikuwa na habari yake ambayo hawakuijua. Nyuma ya kila bomba pana mtu anayefanya kazi, na mara nyingine pana mtu anayelipia.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nimeshavua. Kwa hiyo niseme wazi hukumu yangu juu ya kitabu. Kisomeni. Ni kitabu kizuri, kimeandikwa na mwanamke aliyepoteza karibu kila kitu na akawa na ujasiri wa kueleza kwao kwa watu waliodhani wanakujua. Kurasa zake za hamamu ni za kweli kwa mwili na za kweli kwa upweke. Lakini tusizisome kama cheti cha ustaarabu cha kutundika ukutani kwenye hafla. Katika ukumbi mmoja wa sherehe zetu hapa wamo wajukuu wa walioogeshwa na wajukuu wa waliochota, na wengine, kama mimi, ni wajukuu wa wote wawili. Mzee anaposimama na kusema "sisi tulikuwa na hamamu", nusu ya hao "sisi" walikuwa nje na ndoo. Makofi yale yanawapita juu ya vichwa.

Sisi tulio mbali tunaishi kwa kumbukumbu kuliko walio nyumbani, na kumbukumbu ina tabia ya kubakiza raha na kumwondoa mbebaji. Tukiwarithisha watoto wetu raha peke yake, tutakuwa tumewapa kwao pasipokuwapo.

Sijaacha kuoga na kitabu mkononi, wala sitaacha. Usiku wa Woodbury ni mrefu. Ila namwomba mhariri atutengee nafasi katika toleo lijalo, ukurasa mmoja tu, na kila mmoja wetu aandike sentensi moja: nani alikuwa akichota maji kwenu? Nitaanza mimi. Kwetu alikuwa dada yangu mkubwa, ndoo mbili, kila siku kabla ya magharibi, akioga mwisho.

Wasalaam,
Mhandisi wenu, Woodbury, Minnesota